Mgeni Rasmi Apewa Jembe

Wanyama wa bondeni walianzisha tamasha la maigizo kwa kujitolea. Kila mmoja alileta mikono yake, basi. Kosa lao lilikuwa kumwalika Tausi awe mgeni rasmi, kisha kuona haya kuanza kabla hajafika. Mwaka wa kwanza walimngoja mpaka watazamaji wakasinzia. Mwaka wa pili walimngoja mpaka mvua ikawatawanya, mchezo usichezwe kabisa.

Mwaka wa tatu Nungunungu, msimamizi wao, akafoka, "Tukingoja tena, tamasha limekufa. Anzeni!"

Mchezo ukiwa katikati, manyunyu yakaanza. Fuko alikuwa akichimba mfereji kuliokoa jukwaa, Tausi alipolipanda kwa hasira.

"Mmeanza bila mimi? Kwani mimi si mgeni?"

"Mheshimiwa, mgeni siku mbili," Nungunungu akamjibu. "Ya tatu ndiyo hii. Shika jembe, kamsaidie Fuko."

Watazamaji wakadhani hayo nayo ni maigizo, wakapiga makofi hadi bonde likavuma. Tausi hakuwahi kushangiliwa hivyo. Akashika jembe, akachimba, na mchezo ukafika mwisho jukwaa likiwa kavu.

Mwaka wa nne Kima alikuja mchezo umeshaanza, akauliza mgeni rasmi ni nani.

"Hatuna," Tausi akamkaripia. "Hapa kuna wenyeji tu, nawe umechelewa."