Khanga Iliyofuliwa

"Damu imemtoka kiasi gani?" nesi Felista aliuliza, mkono wake ukiwa juu ya tumbo la Mwanakombo, lenye mimba ya miezi minane.

Bi Hadia, mama mkwe wa mgonjwa, alitazama chini. "Nyingi kidogo, mwanangu."

"Khanga aliyokuwa amejifunga iko wapi?"

"Nimeshaifua. Ningeiacha vipi, na wanaume wamejaa barazani kule nyumbani?"

Mwanakombo hakuwa na maumivu popote, na hilo ndilo lililozidi kumtia nesi wasiwasi, maana damu isiyo na maumivu huweza kutoka kwenye kondo la nyuma lililokaa vibaya. Aliweka beseni sakafuni, akampa Bi Hadia khanga kavu na jagi la maji.

"Mimina, mama, mpaka ilowe kama ile ilivyolowa damu."

Bi Hadia alimimina kidogo, akasita.

"Sema kweli, mama," Mwanakombo alimwambia kwa sauti ndogo.

Bi Hadia akamimina tena. Khanga ikalowa yote, ikaanza kuchuruzika. Nesi akapaza sauti kumwita daktari, kisha akainamia tumbo kusikiliza moyo wa mtoto, akiwaashiria wote wanyamaze. Kilichosikika ni maji tu, maana Bi Hadia alikuwa bado anamimina.