Mzigo wa Kupandisha Kajulu

Pikipiki iliteleza, gunia likavuta nyuma, na Lornah akajikuta kifudifudi kwenye matope kwa mara nyingine asubuhi hiyo.

"Usiokoe pikipiki!" Baba yake, Zadock, alifoka kutoka chini, alikokaa juu ya jiwe. "Okoa mzigo! Pikipiki ni chuma, itanyooshwa."

Lornah alilitazama lile gunia la mchanga, lililofungwa nyuma ya kiti kwa mipira ya tyubu. Yawa! Mchanga tu, na unapewa heshima kuliko mtoto wa mtu. Alifuta matope usoni, akainua pikipiki.

Kilima cha Kajulu hakina adabu hata wakati wa kiangazi. Sasa mvua ya masika ilikuwa imekula barabara yote, ikaacha mawe na mitaro. Gari halikuwa na njia. Vijana wa kubeba mgonjwa kwa machela walishahamia mjini. Nao waendesha bodaboda wa mtaa wa Manyatta, waliokula na kunywa na Zadock miaka yote, walimwambia waziwazi kwamba mtu mgonjwa hawampakii kwenye njia ile. Akiwafia mgongoni, nani atawasikiliza?

Na huko juu, nyumbani kwao, Dani alikuwa kitandani. Bibi huyo, mama yake Zadock, aliyemlea Lornah tangu akinyonya, hakuweza tena kuinua hata kikombe cha uji. Ndivyo Zadock alivyomwambia Lornah aliporudi kutoka kumwona Dani wakati wa Pasaka. Ilibidi ashushwe hospitali, na Zadock mwenyewe mgongo ulikuwa umemkatalia pikipiki. Akabaki Lornah, msusi wa nywele, aliyezoea kuendesha kwenye lami tu, polepole kama anayebeba mayai.

"Simama juu ya vikanyagio," Zadock alisema. "Kifua mbele. Gia namba moja, na hiyo hiyo mpaka juu. Jiwe usilitazame, ukilitazama utalifuata. Tazama unakokwenda."

"Na akinikaba shingo kwa woga?"

"Hatakushika kabisa. Hatakuwa na nguvu. Na kwenye kona hatainama na wewe. Itabidi uiname kwa ajili ya watu wawili."

Kila Jumamosi, kabla hawajaanza, Zadock alifungua gunia, akachota mchanga kwa kopo na kuumwaga kando ya njia. Lornah aliona ni huruma ya mzazi.

"Baba, bado ni zito. Dani hafiki nusu ya gunia hili."

"Mgonjwa akilegea huwa mzito," Zadock alijibu, akavuta suruali yake juu na kukaza kamba aliyoifanya mshipi.

"Tena wagonjwa hushushwa. Mbona sisi tunahangaika na kupanda?"

Zadock alifunga mdomo wa gunia. "Anayejua kupanda, kushuka hakumshindi."

Hilo halikumwingia Lornah akilini, maana kwenye mawe kama yale kushuka ndiko kunakovunja watu shingo. Lakini utabishana vipi na mtu aliyeanza kuendesha kabla hujazaliwa? Akapiga kiki, akaondoka, akafika kwenye kona ya mwamba. Gurudumu la nyuma likazunguka bure, matope yakaruka, akaanguka tena. Safari hii hakuinuka. Alikaa palepale chini, akalia kwa sauti, bila aibu.

"Siwezi, Baba! Dani anakufa huko juu kwa sababu ya mikono yangu hii, na siwezi!"

Alingoja kufokewa. Hakufokewa. Zadock alipanda hadi pale alipokuwa, hatua moja, pumzi tatu, akishika kila mti alioukuta njiani. Alipofika hakuwa na sauti ya kuzungumza. Alimwekea mkono begani, na mkono wenyewe ukawa mwepesi mno.

"Jaribu, nyathina, mwanangu," alisema mwishowe. "Nakuomba. Hatuna muda."

Baba yake hakuwahi kumwomba kitu maishani. Aliamuru tu, na watu wakafanya. Lornah alifuta kamasi kwa mkono wa sweta, akakaza mipira ya gunia, akasimama juu ya vikanyagio. Hakulitazama jiwe. Kwenye kona ya mwamba gunia lilitaka kuvutia upande wake, naye akainama kwa ajili ya wawili. Pikipiki ikayumba, ikayumba tena, ikashika ardhi. Alipiga kelele peke yake kama kichaa, akapita mwamba, akapita mtaro, akapita ua wa miti ya ojuok uliozunguka boma, akaingia uani kwa Dani huku injini ikitoa moshi.

Dani alikuwa anatoka kisimani, ndoo ya maji kichwani, mgongo umenyooka.

Lornah alizima injini. "Dani? Si wewe ni mgonjwa? Nimekuja... nimejifunza ili nikushushe hospitali."

Dani aliitua ndoo taratibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki, akalipapasa lile gunia kutoka juu hadi chini, kama anayetafuta mahali lilipoumia.

"Halikuanguka pale kwenye mwamba?"

"Leo halikuanguka."

"Basi na baba yako atafika," Dani alisema, machozi yakimtiririka. "Amekataa kufia hospitali, nyakwara, mjukuu wangu. Kitanda chake nimeshatandika."