Mapigo Themanini

Ati watoto mahututi hufa zaidi wakiuguzwa na wazazi wenye hofu. Mashine ya hospitali inayochambua rekodi za wagonjwa ndiyo iliyogundua. Kwa hiyo siku hizi mzazi huvishwa bangili, na mapigo ya moyo wake yakizidi mia moja, anatolewa wodini.

Siku ya kwanza nilitolewa mara nne. Kupitia kioo nilimtazama Shija, mwanangu wa miaka mitano, akihangaika kuvuta pumzi.

"Mama Shija, fikiria kazi ya nyumbani, yoyote ile," muuguzi Leokadia alininong'oneza.

Nikafikiria kuchambua mchele. Chuya hapa, kijiwe pale. Mapigo yakashuka hadi themanini, mlango ukafunguka. Hata kengele ya kitanda chake ilipolia na madaktari wakaja mbio, mimi nilikuwa nachambua tu.

Shija akapona. Bangili nikairudisha, wakanipa hongera.

Jana nilikuwa jikoni, ungo mapajani. Shija akaingia kutoka uani, ameshika kichwa, damu inamchuruzika hadi shingoni.

"Mama! Mama, nimeanguka!"

Nilimwona. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikatoa kijiwe, nikakitupa, nikatafuta kingine.