Daraja Lililosubiri Nuru

Mambo yaliharibika Siku ya Tano, yaani Alhamisi, tarehe tisa Mwezi wa Nne, 1846, saa sita mchana. Kijito kilikuwa kimefura. Kezia Hadley akaanza kukivuka hivyo hivyo kwa kukanyaga mawe, kikapu cha maharage na mkate wa mahindi mkononi, kumpelekea mumewe kwenye kinu cha maji. Enos alishasema chakula kisichelewe, maji yajae yasijae.

Kikapu kiliokotwa jioni. Yeye kesho yake.

Siku ya Kwanza, yaani Jumapili, Marafiki wa pale Indiana, Wakristo wa dhehebu la Quaker, wakaketi kimya kama kawaida yao, kila mmoja akiisikiliza Nuru ya Mungu iliyo ndani yake. Enos alivumilia dakika tatu, kisha akasimama.

"Mwaka mzima nimewaomba daraja! Magogo manne tu! Nyinyi wakubwa, maji hayafiki kwenu, mkakaa benchi la mbele na mikono mapajani: 'Tungoje Nuru, Rafiki Enos.' Haya, imefika? Nendeni makaburini mkaitazame!"

Hakuna aliyejibu. Hilo lilimchoma zaidi. Nyumbani kwake hakuna aliyethubutu kumnyamazia.

Karani wa mkutano, mzee Lawi Pickett, akainuka taratibu.

"Wote tulilitaka daraja. Lakini sisi hatupigi kura, unajua. Mmoja akisema Nuru iliyo ndani yake inakataa, tunasimama wote."

"Mmoja! Nani huyo?"

"Rafiki, kaa chini."

"Sikai! Mwoga mkubwa, kajificha nyuma ya Mungu! Damu ya mke wangu iko mikononi mwake. Mtaje nimwone!"

Upande wa wanawake akasimama Aksa, mke wa Lawi, aliyeuosha mwili wa marehemu.

"Ni Kezia."

Enos akacheka. "Aksa, uzee umekuchanganya."

"Alisimama hapa hapa, mara tatu, wewe ukiwa kinuni, akitetemeka. Wengine walimcheka. Akasema daraja lisijengwe. Alisema kijito kikijaa wewe hulala kinuni, na hizo ndizo siku pekee anazopata nafuu. Tukaandika kwamba hatujakubaliana, tukaenda kula. Hakuna aliyemuuliza zaidi, hata mimi."

Wa benchi la mbele wote wakainamisha vichwa. Aksa peke yake hakumwondolea Enos macho.

"Basi nakuuliza wewe. Nafuu ya nini, Enos?"