Mate ya Kaniki

Sheria ilikuwa moja: mbwa asiyethibitishwa kuwa wa ukoo halisi harudi nyumbani. Hivyo, kwenye ukumbi wa ukaguzi wa mbwa, Bi Namsifu alilamba kidole, akampangusa nacho mbwa wake Kaniki mdomo kama mtoto anayepelekwa kupigwa picha. Ndipo karani akachukua mate ya Kaniki, akayatia kwenye mashine ya kuita mababu.

Ukumbi ukajaa mwanga. Wazee wa Kaniki wakasimama mmoja mmoja, weusi, masikio wima, safu isiyo na mwisho. Katikati yao, Mola wangu, alikuwa marehemu mama yake Namsifu, akitabasamu na mwanya wake uleule.

Kaniki akamtikisia mkia.

"Mama," karani akamnong'oneza Namsifu, "mashine imeona chotara mmoja. Niandike chotara ni mbwa, au ni wewe?"