Jina kwenye Kompyuta Mpya

Mzee Kibwana aliingia dukani kwa fundi wa kompyuta na boksi la kompyuta begani, mkewe nyuma yake. Fundi akamgeukia mzee.

"Mzee Kibwana, nikuwekee mfumo mpya au ule wa zamani? Mpya una mambo mengi, utawasumbua."

Kibwana akacheka. "Muulize mwenyewe."

Mkewe, Mwanamvua, aliyewachapia watu barua nje ya mahakama miaka ishirini, alikuwa ameshavuta kiti.

"Weka mpya, mwanangu. Wa zamani nimeshaumaliza."

Fundi akauweka. Kioo kilipouliza jina la mtumiaji, mkono wa fundi ukaandika wenyewe: Kibwana.

Mwanamvua akavuta kibodi kwake. Alifuta herufi moja moja, bila haraka, mpaka pakabaki peupe. Kisha vidole vyote kumi vikashuka, macho yake yakiwa kwa fundi, vikaandika jina lake, la baba yake na la babu yake. Hapakuwa na kosa hata moja.

Kibwana akainama, akayasoma majina yote matatu kwa sauti. Halafu akaenda kusimama mlangoni, akayasoma tena kuelekea barabarani.