Vitunguu Visivyotoa Machozi

Aristide aliukuta mfuko aliopewa na chama cha bustani umelala mtupu kwenye sinki, na maganda ya kahawia yamezagaa.

"Mama, vilivyokuwa humu viko wapi?" alimuuliza mkewe.

"Vitunguu vyako? Nimepikia sombe ya majani ya muhogo. Vitunguu gani hivyo, nimekata vyote bila chozi hata moja!" Mke wake akacheka.

Aristide aliutupa mfuko. "Si vitunguu! Ni mbegu za maua zinazofanana na vitunguu, tunazipanda kabla ya majira ya baridi. Ni sumu! Umekula?"

"Bado." Kicheko kilimkauka. "Nimempakulia binti yako, yuko chumbani. Si unajua mimba inavyomtamanisha sombe."

Aristide alipanda ngazi mbio huku akipiga kelele, "Usile, mwanangu! Tema!"

Alipofika mlangoni akasikia kijiko kikikwangua sahani.